William Mackinnon na Barabara ya Kwenda Ziwa Nyasa



Leo ukitaka kutoka Dar es Salaam kuja Ifakara unazo njia mbili. Unaweza kupanda basi, ukapita Morogoro, Mikumi na Kidatu. Au unaweza kupanda treni ya TAZARA na kushuka stesheni ya Ifakara. Reli hiyo ilijengwa na Tanzania, Zambia na China. Kazi ilianza mwaka 1970, njia ikakamilika mwaka 1975, na reli ikakabidhiwa mwaka 1976. Habari zake tunazijua, kwa sababu baba zetu na babu zetu walishika sururu na koleo huko Mang'ula na Mlimba.

Lakini ni wachache wanaojua kwamba miaka karibu 100 kabla ya reli hiyo, mtu mmoja tajiri alianza kujenga barabara kutoka Dar es Salaam. Alikusudia ifike Ziwa Nyasa. Hebu chukua ramani ya Tanzania. Weka rula kutoka Dar es Salaam mpaka ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Utaona mstari unapita karibu kabisa na Ifakara, tena Ifakara iko kama katikati ya safari. Kwa hiyo barabara ile, kama ingefika, ilikuwa ya kupita kwetu.

Haikufika. Leo tutajifunza habari za mtu aliyeianza. Jina lake ni William Mackinnon.

MTOTO WA CAMPBELTOWN

Mackinnon alizaliwa mwaka 1823 katika mji wa Campbeltown, nchi ya Uskoti. Uskoti ni sehemu ya kaskazini ya ufalme wa Uingereza. Campbeltown ni mji wa bandari na wavuvi. Hakuzaliwa katika ukoo wa mabwana wakubwa. Alipokuwa kijana alijifunza kazi ya duka la vyakula, kazi ya kupima na kufunga na kuandika deni. Kisha akaenda mji mkubwa wa Glasgow, akaajiriwa huko na wafanyabiashara.

Mwaka 1847 alisafiri kwenda Bara Hindi. Huko alimkuta mwenzake waliyesoma naye shule moja, Robert Mackenzie. Wakashirikiana, wakaanzisha biashara iliyoitwa Mackinnon Mackenzie. Mwaka 1853 Mackenzie alikufa maji meli yake ilipozama upande wa Australia. Mackinnon akaendelea.

Mwaka 1856 alianzisha kampuni ya meli za moshi. Meli zilikuwa chache, nazo zilichukua barua kati ya Calcutta na Burma. Mwaka 1862 kampuni hiyo ikapewa jina jipya, British India. Watu wa pwani yetu waliiita BI. Wazee waliokaa Dar es Salaam au Tanga wanazikumbuka meli zake, kama vile Kampala na Karanja, ambazo zilikuwa zikienda na kurudi Bombay mpaka miaka ya 1970.

Sasa angalia jinsi mtu huyu alivyopata utajiri wake. Hakutegemea bahati. Alikwenda kwa serikali, akasema: nipeni fedha kila mwaka, nami nitachukua barua zenu kwa siku maalumu bila kukosa. Fedha ya barua ililipia makaa ya mawe na mabaharia. Mizigo na abiria ndiyo ilikuwa faida. Mvua inyeshe, jua liwake, fedha ya serikali ilikuja. Kwa hiyo toka mwanzo Mackinnon alizoea kufanya biashara akiwa ameshika mkono wa serikali. Liweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

MELI YA BARUA YAFIKA UNGUJA

Mwaka 1872 kampuni ya BI ilipata mkataba wa kuchukua barua kati ya Aden na Unguja kila mwezi. Kabla ya hapo, mtu wa Unguja aliyesubiri barua au bidhaa kutoka nje alingoja pepo za kaskazi na kusi, au alingoja meli yoyote itakayopita. Sasa meli ilikuja kila mwezi. Bei za pembe za ndovu, karafuu na sandarusi zikajulikana upesi huko ng'ambo. Mawakala wa Mackinnon wakafungua ofisi Unguja. Mwaka 1877 ikaanzishwa huko Smith Mackenzie, na jina hilo baadaye lilijulikana sana Dar es Salaam na Mombasa.

Wakati huo Sultani wa Unguja alikuwa Seyyid Barghash. Mwaka 1873 Waingereza walimlazimisha kutia sahihi mkataba wa kukomesha kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga soko la watumwa la Unguja. Mackinnon alikuwa Mkristo wa kanisa la Kiskoti, mwenye msimamo mkali katika dini yake. Alichukia biashara ya watumwa. Aliamini, kama Livingstone alivyokuwa akisema, kwamba biashara ya halali ikiingia bara, biashara ya watu itakufa yenyewe.

Tusimfanyie uonevu: aliamini hivyo kweli, na alitoa mali yake mwenyewe kwa ajili hiyo. Lakini pia alikuwa na meli, na meli hutaka mizigo. Mambo haya mawili yalikaa pamoja katika kichwa kimoja, na pengine hata yeye mwenyewe asingeweza kuyatenganisha.

BARABARA YA DAR ES SALAAM

Dar es Salaam ya wakati huo haikuwa mji kama tunavyouona. Sultani Majid alianza kuujenga katika miaka ya 1860. Alikufa mwaka 1870, na majumba yake yakaachwa. Bandari ilikuwa nzuri lakini hapakuwa na shughuli kubwa. Misafara mingi ya bara ilikuwa ikitokea Bagamoyo.

Mwaka 1877 Mackinnon na mwenzake, Thomas Fowell Buxton, wakaanza kujenga barabara kutoka Dar es Salaam. Kwa nini barabara?

Zamani zile mizigo yote ya bara ilichukuliwa kichwani na mabegani. Mpagazi mmoja alibeba kilo kama 30. Alikula njiani, aliugua njiani, na wakati wa kilimo alitaka kurudi kwao kulima. Kila mtawala wa njiani alidai hongo. Bidhaa ikifika ziwani, bei yake ilikuwa imepanda mara nyingi. Gari linalokokotwa na ng'ombe lingechukua mzigo wa watu wengi kwa mara moja. Hesabu hiyo ilikuwa nzuri sana juu ya karatasi.

Na kwa nini Ziwa Nyasa? Kwa sababu Waskoti walikuwa wameanza misheni huko. Misheni ya Livingstonia ilianzishwa mwaka 1875, na ile ya Blantyre mwaka 1876. Matajiri wa Glasgow waliichangia Livingstonia, wakataka iwe na njia ya kuaminika ya kwenda baharini.

Basi vibarua wakafyeka, wakang'oa visiki, wakasawazisha njia kupita nchi ya Uzaramo. Msimamizi mmoja wa kazi hiyo aliitwa Beardall. Mwisho wa mwaka 1880 Sultani alimtuma huyo Beardall kuupima mto Rufiji, aone kama mashua zinaweza kupanda. Maji ya Rufiji, kama unavyojua, sehemu kubwa hutoka kwetu, katika mto Kilombero, ambao wageni wa wakati huo waliuita Ulanga.

Mwaka 1879 msafara mwingine ulitoka Dar es Salaam kutafuta njia ya kwenda Ziwa Nyasa. Huu ulitumwa na chama cha wanajiografia wa London. Kiongozi wake, Keith Johnston, aliugua kuhara damu akafa Behobeho mwezi wa Juni, kabla hajafika mbali. Aliyebaki ni kijana wa miaka 21, Joseph Thomson, Mskoti pia. Lakini aliyeshika msafara hasa alikuwa Chuma, yule aliyeuchukua mwili wa Livingstone mpaka pwani pamoja na Susi na wenzao. Thomson na Chuma walipita bonde la Ulanga na nchi ya Mahenge, wakapanda Uhehe, wakafika Ziwa Nyasa. Kwa hiyo njia ilikuwepo, na wenyeji waliijua. Lakini miguu ya wapagazi hupita mahali ambapo gurudumu halipiti.

MBUNG'O

Sasa tufike kwenye jambo ambalo sisi watu wa Kilombero hatuhitaji kufundishwa na mtu. Ng'ombe wa kukokota gari akiingia katika pori lenye mbung'o anaugua nagana. Anakonda, manyoya yanasimama, macho yanatoa machozi, kisha anakufa. Wamisionari walijaribu mwaka 1877 kwenda na ng'ombe njia ya Mpwapwa, na wanyama wao waliangamia kwa ugonjwa huo. Barabara ya Mackinnon nayo ilipita katika nchi yenye mbung'o.

Wazungu walikuwa bado hawajajua kwamba ndani ya mbung'o kuna kijidudu kidogo kinachoingia katika damu. Jambo hilo lilithibitishwa katika miaka ya 1890 na daktari David Bruce huko Afrika ya Kusini. Lakini wafugaji wa Afrika walijua siku nyingi kwamba pori lenye mbung'o si la ng'ombe. Kumuuliza mzee mmoja wa Uzaramo kungegharimu kikombe cha kahawa.

Ng'ombe waliposhindwa, wengine wakafikiri tembo. Mwaka 1879 mfalme Leopold wa Ubelgiji, ambaye Mackinnon alikuwa rafiki yake, aliletewa tembo wanne wa Kihindi waliofundishwa kazi. Walishushwa Msasani na kupelekwa bara. Wakafa mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyerudi pwani. Hebu fikiri: kuleta tembo katika Tanganyika!

Kulikuwa na sababu nyingine iliyoiua barabara ile, nayo ni kubwa kuliko mbung'o. Wamisionari na wafanyabiashara wa Ziwa Nyasa walikwisha pata njia ya maji, kupitia mto Zambezi na mto Shire. Sehemu moja tu, penye maporomoko, ndipo ilipobidi mizigo ichukuliwe na watu. Mashua ya moshi haili majani wala haiogopi mbung'o. Kwa hiyo barabara ya Dar es Salaam haikuwa na mzigo wa kuchukua.

Mwaka 1881 kazi ikaachwa. Barabara ilikuwa imefika maili zaidi ya 70, yaani kilometa zaidi ya 110. Ni kama umbali wa kutoka Dar es Salaam mpaka Chalinze, ingawa yenyewe ilielekea kusini-magharibi. Miti ikaota, nyasi zikafunga njia.

KUKODI NCHI

Wakati barabara inajengwa, Mackinnon alikuwa na shauri kubwa zaidi. Mwaka 1877 alimwomba Seyyid Barghash amkodishe nchi ya bara kwa miaka 70. Kampuni yake ingekusanya ushuru wa forodha, ingetoza kodi, ingechimba madini na ingehukumu watu. Bendera ingebaki ya Sultani.

Soma tena maneno hayo polepole. Mtu mmoja mwenye meli anakodi nchi kwa mtu mwingine anayekaa kisiwani. Sultani alikuwa na nguvu katika miji ya pwani na katika baadhi ya vituo vya misafara. Lakini Wahehe hawakumtii Barghash. Wambunga na Wandamba hawakumtii Barghash. Wapogoro hawakumtii. Hakuna hata mmoja aliyeitwa kuulizwa. Mwenye nyumba hayupo, na mpangaji anaandikiana hati na jirani.

Mazungumzo yalivunjika mwaka 1878. Barghash alikuwa na mashaka, na serikali ya Uingereza haikumpa Mackinnon msaada aliotaka. Na yeye aliyezoea kushika mkono wa serikali hakutaka kwenda peke yake. Mwaka huohuo kulitokea balaa jingine Uskoti. Benki moja kubwa ya Glasgow ilianguka, na watu wengi wakafilisika. Mackinnon alikuwa ameacha ukurugenzi wa benki hiyo miaka mingi nyuma, lakini alishitakiwa. Akakataa kupatana nje ya mahakama, na mwishowe akashinda kesi.

Mwaka 1884 Mjeremani Carl Peters akaja Usagara na mikataba yake ya hila. Mwaka 1886 Wajeremani na Waingereza walikaa Ulaya wakachora mstari kutoka mto Umba mpaka Ziwa Viktoria. Kusini ya mstari Mjeremani, kaskazini Mwingereza. Mabaki ya barabara ya Dar es Salaam yakawa upande wa Mjeremani. Basi Mackinnon akahamia upande wa pili.

KAMPUNI INAYOTAWALA

Mwezi wa Mei 1887 Barghash akawakodisha watu wa Mackinnon pwani ya Mombasa kwa miaka 50. Mwaka 1888 kampuni yake ikapewa hati na Malkia Viktoria, ikaitwa Imperial British East Africa Company. Hati hiyo ilikuwa ruhusa ya kutawala. Kampuni ilikuwa na bendera yake, askari wake na stempu zake. Ilipiga hata fedha yake mwaka 1888, rupia iliyoandikwa jina la Mombasa, yenye picha ya mizani. Mtaji wa waanzilishi ulikuwa pauni 240,000. Mtaji ni fedha ya kuanzia kazi.

Mwaka uleule, huku kwetu, kampuni ya Wajeremani ilikodi pwani, ikaingia kwa mabavu, na watu wakapigana nayo wakiongozwa na Abushiri. Huko Mombasa haikuwa hivyo. Wenye mashamba walikasirika kwa sababu watumwa wengi walikuwa wametoroka na kukimbilia vituo vya misheni, hasa Rabai. Hasira ilikuwa karibu kuwaka. Mjumbe wa kampuni, George Mackenzie, akatafuta suluhu. Januari 1889 watumwa zaidi ya 1,400 waliotoroka walipewa hati za uhuru, na wenye watumwa wakalipwa fidia.

Jambo hili lilisifiwa sana Uingereza. Na ni kweli watu 1,400 kuwa huru si jambo dogo. Mama aliyepewa karatasi ile Rabai hakuwa na haja ya kujificha tena. Vita ikaepukwa pia. Lakini tazama fidia ilikwenda kwa nani. Aliyelimishwa bila ujira miaka 20 hakupata hata senti. Aliyemlimisha ndiye aliyelipwa. Mimi naona hapo ndipo unapoweza kumpima Mackinnon na kampuni yake vizuri kuliko mahali pengine popote: wema upo, na hesabu ya wema imeandikwa na mwenye mali.

Jambo jingine ni ule msafara wa mwaka 1887 wa kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekuwa amekwama upande wa mto Naili. Mackinnon alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyokusanya fedha. Stanley ndiye aliyeongoza. Meli ya BI iliyoitwa Madura iliwachukua wapagazi wapatao 600 kutoka Unguja, ikazunguka ncha ya kusini ya Afrika mpaka mdomo wa mto Kongo. Wakapita msitu mkubwa kwa njaa, magonjwa na mapigano. Walitokea Bagamoyo mwezi wa Desemba 1889. Katika wale watu wa Unguja, waliorudi hawakufika 300. Emin mwenyewe alikuwa hana hamu kubwa ya kuokolewa. Stanley aliandika vitabu akapata sifa. Majina ya wapagazi utayatafuta sana.

MWISHO WA KAMPUNI

Mwaka 1889 Malkia alimpa Mackinnon cheo cha baroneti. Hapa nieleze kidogo. Baroneti huitwa "Sir", na cheo hurithiwa na mwanawe. Lakini si lordi. Lordi ni mtu wa cheo cha juu zaidi, na zamani hizo cheo chake kilimpa kiti katika baraza la juu la bunge lao. Mackinnon hakuwa na mtoto, basi cheo chake kilikufa naye.

Aliyekuja kuwa lordi ni karani wake. Mwaka 1874 kijana James Mackay, mtoto wa nahodha wa mji wa Arbroath, alikwenda Calcutta kufanya kazi katika biashara ya Mackinnon Mackenzie. Akapanda ngazi mpaka akawa mkuu wa BI. Mwaka 1911 akafanywa Lordi Inchcape. Mwaka 1914 aliiunganisha BI na kampuni nyingine kubwa ya meli. Serikali ya Uingereza ilimtumia katika kamati za kupunguza matumizi. Alikufa mwaka 1932.

Na katika wale Waskoti waliochangia misheni ya Livingstonia alikuwemo lordi mwingine, John White, mwenye kiwanda cha kemikali karibu na Glasgow. Alipewa ulordi mwaka 1893, akaitwa Lordi Overtoun. Alitoa fedha nyingi, hata chuo cha misheni kule Nyasa kikapewa jina lake. Lakini mwaka 1899 Keir Hardie, kiongozi wa wafanyakazi, aliandika habari za kiwanda chake. Watu walifanya kazi saa 12 kwa siku, hata Jumapili, na vumbi la dawa lilitoboa pua zao. Lordi mwenyewe alikuwa akihubiri watu waiheshimu Jumapili! Aibu ilikuwa kubwa, na baadaye akalazimika kurekebisha mambo fulani. Kwa hiyo usidhani aliyeumia kwa ajili ya fedha hizi ni Mwafrika peke yake.

Turudi kwa kampuni ya Mombasa. Mwaka 1890 ilimtuma Kapteni Lugard kwenda Buganda. Huko akaingia katika ugomvi wa Waprotestanti na Wakatoliki, na mwaka 1892 bunduki zikalia Mengo. Kukaa Uganda kuligharimu fedha nyingi mno. Kutoka pwani mpaka huko mizigo ilichukuliwa na wapagazi, hadithi ileile. Mackinnon akaanzisha barabara nyingine, safari hii kutoka Mombasa kwenda Busia. Leo kuna mji mdogo njiani kati ya Mombasa na Nairobi unaoitwa Mackinnon Road. Aliomba serikali imsaidie kujenga reli, ikasitasita. Wenye hisa, yaani watu waliotia fedha zao katika kampuni, hawakupata gawio hata mara moja.

Katika miaka hiyo ya shida alitoa tena fedha kwa misheni ya Waskoti iliyoanzishwa Kibwezi mwaka 1891. Misheni hiyo ilihamia Kikuyu mwaka 1898. Kuna pia meli iliyopewa jina lake, William Mackinnon. Ililetwa vipande vipande, ikaungwa Kisumu, ikateremshwa Ziwa Viktoria mwaka 1900. Hakuiona. Alikufa London mwezi wa Juni 1893 akiwa na miaka 70, akazikwa kijijini Clachan, karibu na alikozaliwa.

Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ilichukua nchi kutoka kwa kampuni, ikailipa pauni 250,000. Na hapa, ndugu msomaji, ndipo penye habari inayotuhusu sisi wa upande huu wa mpaka. Mwaka 1890 Wajeremani walikuwa wamemlipa Sultani wa Unguja pauni 200,000 ili wachukue moja kwa moja pwani yetu, kutoka mto Umba mpaka mto Ruvuma. Fedha hiyo ikawekwa akiba Uingereza. Serikali ya Uingereza ilipotaka kuilipa kampuni, ilitoa pauni 50,000. Zile pauni 200,000 nyingine zilitoka katika akiba ya Unguja. Yaani bei ya pwani ya Tanga, Bagamoyo, Dar es Salaam, Kilwa na Lindi ndiyo iliyotumika kuwalipa wenye hisa wa kampuni iliyoshindwa Mombasa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30. Mzigo wa tani 3 ni kilo 3,000. Walihitajika wapagazi wangapi?

2. Kutoka Dar es Salaam mpaka Ifakara kwa barabara ya leo ni zaidi ya kilometa 400. Barabara ya Mackinnon ilifika kilometa kama 110 hivi. Je, ilikuwa nusu ya safari hiyo, au robo?

3. Taja sababu mbili zilizoifanya barabara ile iachwe. Ipi unaona ilikuwa kubwa zaidi? Mwandishi amesema lake, wewe sema lako.

4. Daraja la mto Kilombero lilifunguliwa mwaka 2018. Kabla ya hapo tulivuka kwa pantoni, na kabla ya pantoni kwa mitumbwi. Waulize wazee wa kijijini kwako: wakati ule gunia moja la mpunga liligharimu nini kulivusha? Andika majibu yao katika daftari, na jina la kila mzee aliyeeleza.